Kutu ya Kutoka Chini

Usijitie hamnazo. Lile jengo lenye ukuta wa rangi ya maziwa na maua kwenye makopo unalijua. Umepita mbele yake na mfuko wako wa sokoni, upepo ukakuletea harufu, ukavuka ng'ambo ya barabara ukijiambia kuwa ni mtaro umeziba. Mtaro gani unaoziba miaka minane? Pua yako ilikwambia kweli, wewe ukainyamazisha.

Huyu ninayemsimulia naye aliinyamazisha yake. Mtaa mzima ulimwita Bi Valvu. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali mpaka alipostaafu, na tangu hapo akashikwa na ugonjwa mmoja tu: redio kuukuu za valvu, yale masanduku ya mbao yenye vichupa vya kioo tumboni, ambavyo huwaka rangi ya chungwa kabla sauti haijaja. Alizifufua thelathini na moja na hakuuza hata moja.

Alizifufulia katika chumba cha wifi yake, na hapo ndipo penye mwiba. Wifi, dada wa marehemu mumewe, aliishi naye mpaka alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Ngazi za ghorofa ya tatu zikawa kisingizio. Bi Valvu akatia saini fomu ya Makao ya Wazee, ndilo jengo lile, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, na wiki haijesha kitanda kimetoka, meza ya kulehemu imeingia. "Chumba kina mwanga mzuri," aliwaambia majirani. Majirani wakaitikia, kweli, kina mwanga.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kumtazama. Wageni walipokelewa ukumbi wa mbele, penye feni na vitambaa vya meza. Wazee waliletwa mmoja mmoja, wamechanwa nywele, wamepakwa poda shingoni mpaka wanafanana na waliotoka kinu cha unga. Nusu saa, chai, kengele, kwaheri. Wifi, ambaye ulimi wake ulikata kuliko wembe, ambaye hakuwahi kumshukuru kiumbe tangu azaliwe, alisema maneno yale yale kila mara: "Tunatunzwa vizuri. Namshukuru bosi." Bi Valvu akarudi nyumbani akifurahi kwamba wifi sasa amepoa. Amepoa! Maiti nayo hupoa.

Mwaka wa pili, Msimamizi wa Makao alimjia mwenyewe, shati limenyooshwa hadi mikono ina makali, nyuma yake mchukuzi kabeba redio kubwa ya valvu.

"Bi mkubwa, sifa zako zimetufikia. Hii tuliachiwa na mfadhili wa kwanza. Mwezi ujao tuna sherehe, mgeni rasmi anakuja. Nataka iwe pale ukumbini, inaimba. Watu waone tunavyowaenzi wazee."

"Ilikuwa wapi siku zote?"

"Stoo. Ilikuwa stoo tu, imepumzika."

Bi Valvu alikuwa na sheria moja: redio ya zamani huitii umeme kabla hujainusa. Unafungua mgongo, unaingiza pua. Transfoma iliyoungua ina harufu yake. Panya waliojisaidia wana harufu yao. Aliingiza pua akairudisha haraka. Huyu hakuwa panya.

Akavaa glavu, akaichomoa ile sahani ya bati inayobeba vifaa vyote, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Redio thelathini na moja zilikuwa zimemfundisha kwamba maji ya paa huanza juu: huharibu kioo cha stesheni, huteremka, hukausha michirizi. Hii juu ilikuwa kavu, hata gundi ya kiwandani ilishika. Kutu ilianzia chini. Ilipanda kimo cha kidole kimoja ikasimama sawasawa, kama alama ya uchafu kwenye beseni, na juu ya mstari ule zilikaa chembe nyeupe za chumvi, ile iachwayo na mkojo ukikauka. Mbao za chini zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowana. Kwenye kitambaa cha spika ulinasa unywele mmoja mweupe, mrefu.

Alivuta kiti. Akakaa, akautazama ule mstari mpaka jua likahama mezani. Stoo gani hujaa mikojo kimo cha kidole? Na unywele wa nani?

Angeweza kwenda kugonga meza ya Msimamizi. Lakini alishapiga chapa barua za malalamiko miaka thelathini na alijua zinakolala. Angemuuliza tu, mlango wa stoo ungetiwa kufuli na wifi angelipa kwa mwili wake. Basi akafanya kazi. Alibadilisha kapasita zote, akasugua bati kwa siki, akakata mbao zilizooza. Kila alipokwangua chumvi ile aliona kinyaa. Kinyaa cha mkojo kilimwisha siku ya tatu, kikabaki kinyaa cha mikono yake, iliyotia saini.

Siku ya sherehe alifika na redio asubuhi. Ukumbi ulinukia ubani wa dukani. Wageni walikwisha kukaa, vikombe mkononi: walimu, wafanyabiashara, jamaa za wazee. Mbele kabisa kiti cha mgeni rasmi, chenye mito, kilikuwa kitupu. Mkubwa alikuwa njiani, na wakubwa huwa njiani sana. Ukutani walipangwa wazee kumi na wawili waliopakwa poda. Wifi hakuwemo.

"Wifi yangu yuko wapi?"

"Ana mafua kidogo, kapumzika," alisema Msimamizi, meno yote nje. "Tuwashie, bi mkubwa, tuwashie!"

Bi Valvu akaiwasha. Vichupa vikapata rangi, spika ikanguruma, sauti haikuja.

"Redio hizi si kama simu yako, mwanangu. Zinataka waya mrefu hewani na waya mwingine ardhini. Wa ardhini ndio roho yake. Lazima nitafute mahali pabichi."

Ilikuwa nusu kweli, lakini Msimamizi hakujua hata upande wa kushika bisibisi. Macho yake yalikuwa getini. Akamwita mfagiaji. "We! Mpeleke huyu mama mahali pabichi, upesi!"

Mfagiaji, mzee mwenyewe aliyebakisha miaka michache aingie humo humo, alikuna kichwa. "Pabichi, bosi? Bustani ilikauka. Pabichi ni stoo tu."

Aliropoka. Msimamizi alifungua kinywa, na wakati huo honi ikalia nje. Akatoka mbio akiweka tai sawa. Bi Valvu alikwisha kuingia ukumbi wa ndani, akikunjua waya nyuma yake.

Ulikuwa mlango wa bati wenye komeo kwa nje. Mfagiaji alisimama.

"Mama, mimi nina watoto."

"Na hawa humu, hawana?"

Akalivuta komeo.

Nikuambie nini zaidi? Chumba kisicho na dirisha. Wazee saba sakafuni, juu ya sponji zisizo na foronya, zimelowa hadi zinatoa maji ukizikanyaga. Hawa ndio wasioweza kusimama, wasiofaa kupakwa poda mbele ya mgeni rasmi. Pembeni bomba la mpira limefungwa kwenye mfereji. Kila asubuhi, mfagiaji alisema bila kumtazama, sakafu ilimwagiwa maji pamoja na waliolala juu yake, kama banda. Na shimo la kutolea maji liliziba zamani. Nzi hawakuruka. Walishiba.

Wifi alikuwa amelala kwa ubavu mmoja. Ubavu wa pili ulikuwa na kidonda kinachoonyesha ndani.

"Umechelewa, wifi," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha, ulimi haukuwa umekwisha. "Chumba changu kina mwanga mzuri, eh?"

Bi Valvu alipiga magoti kwenye yale maji.

"Ile redio umeirudisha?" wifi aliuliza. "Tulikuwa tunailazia kichwa kwa zamu, tusilowe masikio. Ndiyo mto wetu ule. Umekwenda kutunyang'anya mto."

"Kwa nini hukuniambia? Kila mwezi nilikuja!"

"Ulikuja na nusu saa yako, naye kasimama nyuma ya kiti changu. Na wewe, mpenzi, uliuliza? Ulisema nimenenepa."

Bi Valvu akainuka, akarudi ukumbini na viatu vinavyoacha alama, akakinyanyua kile kiti chenye mito, akakipeleka stoo. Mgeni rasmi bado hakuwa amefika. Honi ilikuwa ya gari la soda. Mfagiaji akashika miguu ya mbele ya kiti. Walipompandisha wifi, alikuwa mwepesi kama kapi la mpunga.

Walipita naye katikati ya ukumbi. Mwanamke mmoja akaziba pua kwa leso. Mwalimu akatazama ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha humo pete. Msimamizi akaruka mbele yao.

"Huwezi! Kuna fomu! Kuna utaratibu!"

"Fomu nilishasaini moja," Bi Valvu alisema. "Inanitosha mpaka kaburini."

Wifi akafumbua jicho. "Bosi, namshukuru bosi," akasema, na akamtemea mate shatini.

Bi Valvu akawageukia wageni. "Waya huo chini unafika walipo wenzake. Mama wa nani yumo, baba wa nani yumo, mimi sijui. Ufuateni mkaone."

"Mama, mambo kama haya," alisema mwalimu kwa sauti ya upole, ule upole wa kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, "hupelekwa kwenye kamati." Wengine wakaitikia kwa vichwa, wakashukuru moyoni kupata neno la kujificha. Hakuna aliyeinuka. Mpaka kiti kinavuka geti, hakuna aliyeinuka.

Wifi sasa yuko chumbani mwake. Meza ya kulehemu ilitupwa jioni ile ile. Anatukana asubuhi na jioni, daktari anasema ni dalili njema. Msimamizi naye bado yuko kazini, na mgeni rasmi alikuja, akapiga picha. Kamati haijakaa.

Humo ndani wamebaki sita. Bi Valvu amekatazwa geti, wewe hujakatazwa. Usiandike barua, usingoje Jumamosi ya wageni. Iweke chini karatasi hii. Nenda na mwenzio mmoja mwenye mabega, omba choo, kipite choo, livute komeo, umbebe mmoja. Kisha urudi kumchukua wa pili. Inuka. Bado umekaa?