Nyuzi Nne za Saa Kumi

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji la chanjo mtu alikuwa ameshaandika joto la saa kumi jioni. Nyuzi nne. Namba yenyewe nzuri, wino wa bluu, imekaa katikati ya kisanduku chake bila kugusa mstari. Nikaangalia saa ya mkononi, nikairudia karatasi, nikaangalia saa tena kama mjinga. Dada yangu alikuwa amesimama pembeni, sare nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mikono ameiweka nyuma, anatazama ukuta.

Kwa asiyejua kazi hizi: muuguzi wa chanjo husoma kipimajoto cha friji mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, kisha huandika alichokiona. Kati ya nyuzi mbili na nane chanjo iko salama. Joto likizidi hapo, inaanza kufa taratibu, na kwa macho huwezi kujua, maana kichupa hakibadiliki rangi wala harufu. Kinachokuambia kama kilichomo ni dawa au ni maji ni ile karatasi mlangoni, basi.

Nami ndiye niliyetumwa kuisoma. Nilikuwa mkaguzi wa zahanati binafsi kwa miaka kumi na sita. Wakaguliwa waliniita Wembe, na sitaki kusema uongo, jina nililipenda. Niliwahi kuifunga zahanati kwa sababu ya sindano mbili zilizotupwa kwenye ndoo ya maganda. Niliwahi kukuta dawa zilizopitwa na wakati zimefichwa kwenye mkoba wa mke wa daktari, naye mama wa watu ameukumbatia kama anabembeleza mtoto. Hao wanaopika namba ndio nilikuwa nawajua hata kwa kunusa. Muuguzi anasahau Ijumaa, anasahau Jumamosi, Jumatatu anakaa na kalamu moja na kujaza siku zote tatu kwa mkupuo. Lakini wapishi wa namba huandika za jana na juzi. Za mbele hawaandiki, hata mvivu ana mpaka wake. Ningepaswa kujiuliza kulikoni. Sikujiuliza.

Sikujiuliza kwa sababu mwandiko ule ulikuwa wa dada yangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa, na dada, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza chuo cha uuguzi, akaniweka mgongoni, kama watu wasemavyo, na hakunishusha mpaka nilipoolewa. Alikuwa akinisuka nywele kabla ya kwenda zamu huku akinisikiliza nikisoma kwa sauti, na nikiruka neno anavuta kidogo ule msuko. Kuku wa jirani akitaga uani kwetu, dada alilirudisha yai likiwa bado la moto. Mimi nilikuwa nalia, nalitaka, naye anasema si letu, mdogo wangu, acha kiherehere.

Zahanati yake ilipofikiwa kwenye orodha, nilimwambia mkuu wangu wa kazi kwamba pale yupo ndugu yangu wa tumbo moja, anitafutie mtu mwingine. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mimi hata ningekuwa nimezaliwa ndani ya jengo lile ningelifunga tu. Nikacheka naye, kichwa kimenivimba.

Nilikwenda na mwenzangu mmoja mtu mzima tuliyemwita Rula, kwa sababu hakuwahi kukadiria kitu kwa macho maisha yake yote. Muda ule alikuwa nyuma ya jengo anapima kina cha shimo la kutupia sindano zilizotumika. Daktari mwenye zahanati alikuwa naye huko, anamchekesha. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na roho nzuri, miaka ishirini yuko mtaa uleule, anajua majina ya watoto wa wagonjwa wake wote. Kwa hiyo kwenye chumba cha chanjo tulibaki mimi na dada.

"Ibadilishe hii karatasi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Rula akiikuta, umekwisha."

Akanigeukia. "Umeiona?"

"Nimeiona, dada. Ibadilishe."

Kisha akauliza, taratibu sana, "Na ni hiyo tu uliyoiona?"

Nilidhani ananifanyia ukaidi. Nikamwambia huu si wakati wake. Nikaibandua karatasi mwenyewe, nikaikunja, nikaitumbukiza mkobani, nikampa nyingine safi na kumwambia anakili mwezi mzima isipokuwa kile kisanduku cha mwisho. Alikaa kwenye kiti cha akina mama, akaandika. Nikafungua friji: nyuzi nne kweli, umeme siku ile haukuwa umekatika. Nikaweka alama ya vyema kwenye fomu yangu. Rula aliporudi alipima nafasi kati ya friji na ukuta, akaridhika.

Walipata alama tisini na mbili kwa mia. Daktari akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika mapokezi. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada nikitarajia tucheke, tuseme jamani, tulinusurika. Shemeji akaniambia amelala, kichwa kinamuuma. Ikawa hivyo miezi na miezi. Nikipiga simu ananijibu maneno mawili, salamu kwa watoto, kwaheri. Nikajiambia ni aibu, mkubwa amefumaniwa na mdogo wake, mpe muda. Mungu anisamehe, nilijiona mwema. Nilijiona nimemrudishia fadhila za miaka yote ile.

Mwezi wa saba baada ya ukaguzi, surua ikaingia mtaa ule. Wiki moja, watoto wanne. Ofisini kwetu tulipata habari mapema kwa sababu watatu kati yao walikuwa na kadi za chanjo zilizokamilika. Mmoja wa hao watatu, msichana wa miaka miwili na nusu, mtoto wa fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na geti la zahanati, alifariki hospitali kuu siku ya tano. Kadi yake ililetwa mezani kwangu. Chanjo ya surua, tarehe, muhuri, na chini yake sahihi ya dada yangu.

Kila mtu ofisini alisema chanjo haimkingi kila mtoto, wapo inaowapita. Ni kweli, iko hata vitabuni. Wiki ile niliyasema maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu. Lakini usingizi ulinikimbia, na siku ya nane nikapiga moyo konde nikaenda kwa dada.

Nilimkuta uani anafua sare zake. Alikuwa ameacha kazi siku tatu kabla, na alitaka kuzirudisha zikiwa safi. Hakuinua kichwa. Nilimuuliza kuhusu friji, naye akanieleza yote kwa sauti ileile aliyokuwa akinisomeshea, neno baada ya neno, haruki kitu.

Friji lilikuwa bovu kwa zaidi ya mwaka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi anakuta nyuzi kumi na moja, kumi na tatu. Mara ya kwanza aliandika kumi na tatu, kama alivyoona. Daktari akamwita, akamkalisha, akamwambia kwa upole kabisa kwamba namba ile maana yake ni kutupa kila kitu na kuwafukuza kina mama walioomba ruhusa kazini, na nusu yao hawatarudi tena. Akamwomba aandike nne, yeye anahangaikia friji jingine. Hakuwa anamdanganya. Aliyaamini yale maneno kama anavyoamini jua litachomoza. Wakati huo shemeji alikuwa hana kazi, na nyumba nzima ilikuwa juu ya dada. Akaandika nne. Kesho yake akaandika nne. Baada ya mwezi mwandiko wake ulikuwa umeenea kila karatasi, na aende kumwambia nani?

Kisha akasikia ukaguzi unakuja, na anayekuja ni mimi.

"Nikasema, huyu haiwezi kumpita," dada alisema. "Nikaandika ya jioni asubuhi, waziwazi, hata kipofu angeiona. Ungeniuliza mbele ya mwenzako, nami ningesema yote. Nilikuwa nimejiandaa."

"Sasa mbona hukuniambia tu, dada?"

Ndipo akainua kichwa. "Ningekuambia, ungenificha." Akakamua mkono wa sare mpaka maji yakaisha. "Sikukuambia, na bado ukanificha."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni, nikalia kama siku tuliyomzika mama. Siku ile alikuwa amenipakata. Safari hii aliendelea kufua. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu, ila iliniuma kuliko kupigwa.

Kesho yake nilimwekea mkuu wangu ile karatasi mezani na kumweleza. Safari hii hakucheka. Kazi nikaipoteza, zahanati ikafungwa, daktari akaitwa kwenye baraza la madaktari, akasimamishwa. Mtaa ulitukasirikia sisi, si yeye, kwa sababu sasa wagonjwa walikuwa wanatembea saa nzima kumfuata daktari mwingine. Dada alitoa ushahidi dhidi ya nafsi yake na kunyang'anywa leseni. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshanakili majina yote kutoka kwenye rejesta, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia kina mama wawapeleke watoto hospitali wachanjwe upya. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimmwagia maji. Aliporudi alikuwa amelowa, akabadili kanga, akatoka tena. Watoto mia tatu na kumi na wawili walichanjwa upya, na surua haikuua mwingine.

Alikuwa amebaki mtu mmoja ambaye dada hakuweza kumkabili. Akanitazama tu, nikajua ni zamu yangu.

Nilichukua wiki tatu kufika pale kibandani. Fundi alinikaribisha kwenye benchi la wateja, akidhani nimeleta nguo. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia yote: friji, namba, karatasi, mkoba wangu. Alikuwa anashona pindo la pazia na hakusimama mpaka alipofika mwisho. Akakata uzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hata angenirushia ule mkasi, nisingeukwepa.

"Kwa hiyo mlimchoma maji tu?" akauliza.

Nikasema siwezi kuapa, lakini ndivyo ninavyoogopa.

Nje watu walikuwa wanapita, wengine wanamsalimu, naye anawaitikia vizuri tu, salama, salama.

"Alilia sana siku ile," akasema baadaye. "Hakutaka kabisa. Alimpiga dada yako teke, tukacheka. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Nilimwambia atulie, hii ni ya kumlinda."

Akavuta kitambaa kingine, akakipima, akakiweka tena chini. Tulikaa hivyo mpaka mteja mwingine alipokuja kuchukua suruali yake, nami nikasogea ili apate pa kukaa.