Vyumba Viwili Vyenye Mlango Kati

Anayetaka kuwapandisha watoto kwenye meli kubwa ya matembezi asianze na mabwawa ya kuogelea wala vyakula. Aanze na milango. Watoto watalala nyuma ya mlango upi, mama yao nyuma ya upi, na kati ya milango hiyo miwili pana nini. Merrin Pascoe alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa mezani siku ile, na bado akasema sawa.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa mama mkwe wake, Glenda, kule Caboolture, kaskazini mwa Brisbane. Soseji zilikuwa zimeshachomwa uani na kufungwa ndani ya slesi za mkate, na ramani ya meli ilitandazwa mezani, imekandamizwa kwa chupa ya sosi ya nyanya. Glenda alikuwa anatimiza miaka sabini. Hakutaka keki wala hotuba. Alitaka kumchukua mwanawe Troy, mkwewe Merrin na wajukuu wawili, wazunguke visiwani wiki nzima kwa gharama yake. Na kwa watu wa kule, mtu akisema leo nanunua mimi, humchagulii. Unasema asante, unapokea ulichopewa, na zamu yako ikifika nawe unanunua. Anayeanza kutaka hiki badala ya kile huonekana hana shukrani.

Mjukuu mdogo, Corban, alikuwa na miaka saba na ugonjwa wa sukari, ule unaowapata watoto, wa sindano ya kushusha sukari kila mlo. Sukari yake ikipanda, kulikuwa na nafasi ya kuhangaika. Ikishuka, nafasi haikuwapo. Mkononi alibandikwa kidude kidogo kama kifuniko cha soda, ambacho kilipeleka habari kwenye simu ya mama yake, mradi mtoto na simu wasiachane zaidi ya upana wa nyumba yao. Simu ikilia, Merrin huamka. Tangu ugonjwa ujulikane alikuwa hajapata usingizi wa kuunganisha. Mwanzoni alilia sana. Baadaye machozi yakakatika yenyewe, na kitu ndani yake kikafa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Akauzoea mguu huo, akawa anatembea nao hivyohivyo.

Wakala wa safari, Narelle, alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa ili wote wasikie.

"Nina viwili hapa, sitaha ya tano," alisema. "Ni vya ndani, havina dirisha, lakini vina mlango kati. Mkiufungua, inakuwa nyumba moja. Hivyo ndivyo vya wenye watoto, na ilivyo likizo ya shule vinagombaniwa. Nimewashikia mpaka jioni tu."

Kidole cha Merrin kilikwenda chenyewe kwenye ramani, kikavikuta vile vyumba viwili, kikatulia juu yake.

"Havina dirisha?" Glenda akashangaa. "Yaani niende baharini nikalale kabatini? Narelle, mwanangu, mimi nimepika kambi ya wakata miwa, na hata kule tulikuwa na dirisha."

Troy akacheka. "Mama, wewe unakoroma tu. Dirisha la nini?"

"Nyamaza wewe. Si langu, ni lenu." Glenda akajifuta vidole. "Nasema hivi. Ninyi wawili mkae huku juu, ya kumi na moja, chenye roshani, mpate upepo. Mimi nitakaa kabatini na wajukuu, kile cha vitanda vinne cha sitaha ya tano. Nyie mmekuwa kama wapangaji wawili. Mnapeana zamu ya kumwamkia mtoto, mnapishana koridoni, habari yako, nzuri. Ndoa gani hiyo?"

"Mama," Merrin akasema, "Corban akicheza majini sukari inashuka. Na simu yangu haitafika. Kutoka ya tano mpaka ya kumi na moja ni vyuma vitupu."

"Nimelea wanne, Merrin. Wote wanapumua."

"Intaneti ipo," Troy akadakia. "Narelle, si ipo?"

"Ipo, ipo," Narelle akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulala humo.

Troy akamshika mkewe begani. Hakuwa mtu mbaya. "Mpenzi, mbona unakuwa askari magereza? Wiki moja tu. Lala. Itakaa sawa."

Wakamtazama wote. Merrin alikuwa na la kusema, tena lilikuwa fupi: nataka ule mlango. Lakini kulisema kungeleta ubishi, na ubishi unataka moto kifuani, naye alipojipapasa ndani hakukuta hata kaa.

"Sawa," akasema. Aliisikia sauti yake kama ya jirani anayeongea upande wa pili wa ua.

"Vizuri," Narelle akasema. "Sasa kwenye karatasi nitawaandika baba, mama na watoto pamoja, ya tano. Bibi nitamwandika peke yake huko juu. Bibi akiandikwa na wajukuu, kampuni itadai barua za ruhusa zenye muhuri, tutasumbuka bure. Mkishapanda mnabadilishana wenyewe, mapokezi watawapa kadi za milango. Kila familia hufanya hivyo."

"Kila familia hufanya hivyo," Glenda akarudia, akampitishia mkwewe soseji.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa wale watatu, Corban alikuwa mzigo mwepesi, si kwa kukosa kumpenda, ila kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu mmoja aliyembeba.

Walipanda meli Brisbane. Merrin alimkalisha mama mkwe wake kitandani katika kile chumba cha ndani, akamwonyesha maboksi ya juisi, kipimo cha kuchoma kidole, na sindano ya dharura ya kupandisha sukari katika kasha lake jekundu. Glenda alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mhudumu wa ndege akionyesha mkanda unavyofungwa. "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Haya, nenda kwa mumeo."

Siku ya kwanza, wakati wa chakula, simu ya Merrin ilianza kupiga kelele kwamba haimwoni mtoto. Corban alikuwa sitaha nyingine, kwenye chumba cha michezo. Ikalia tena kabla ya supu kuisha, ikalia tena kwenye nyama. Watu wa meza ya pili wakageuka. "Jamani, hiyo si ya kuzima?" Troy akanong'ona. Merrin akaingia ndani ya simu, akauzima mlio ule mmoja tu, wa kupotelewa na mtoto. Mlio wa sukari kushuka akauacha. Ule ungelia barabara, kama mtoto angekuwa karibu.

Shika hapo, mzazi. Hakuzima kwa uzembe. Alizima ili asiwasumbue watu wanaokula.

Siku ya tatu ilikuwa bahari tupu pande zote. Corban alishinda asubuhi yote kwenye mtelezo wa maji wa bwawani, akapanda, akateleza, akapanda. Saa ya chakula Merrin alimkagua, akampa sindano yake kwa ajili ya chipsi, na mtoto akazila zote. Kisha akaomba kurudi majini kidogo, bibi akamruhusu. Hiyo kidogo ikawa ndefu. Alipotoka alikuwa anapiga miayo, Glenda akamshusha sitaha ya tano pamoja na dada yake, Shaylee, wa miaka kumi na mmoja.

Juu, katika chumba chenye roshani, Troy alikuwa amesinzia kitini, kofia usoni. Merrin alikaa karibu naye na simu mapajani. Kioo kilionyesha namba nzuri. Lakini chini ya namba, mstari unaotembea na sukari ya mtoto ulikuwa umekatika, na saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya muda uliopita. Merrin aliuona. Alijua maana yake: hiyo ni namba ya mtoto alipokuwa karibu, si ya sasa. Akajisemea, nitashuka. Akawaza lifti, korido, mama mkwe akimwambia umekuja kunikagua. Akajisemea tena, nitashuka. Maji yalikuwa yanapita chini, meupe, meupe, na miguu yake ilikuwa miguu ya mtu mwingine.

Yaliyotokea kule chini aliyajua baadaye, kwa mdomo wa Shaylee.

Bibi alikuwa amewalaza, akasema, "Shaylee, mwangalie mdogo wako, nakwenda kucheza bingo, kutafuta bahati," akatoka. Shaylee alipanda kitanda cha juu, kile cha kukunjuliwa ukutani, akavaa visikilizio, akaanza kutazama sinema. Chumba hakina dirisha. Taa ikizimwa mle, mchana na usiku ni mamoja, mtoto aliyelala na mtoto aliyezimia ni mamoja. Aliposhuka kwenda msalani mkono wake uligusa shuka ya Corban, akaikuta imelowa chapachapa. Akawasha taa. Macho ya mdogo wake yalikuwa nusu wazi. Alimwita, akajibiwa maneno yasiyo maneno, kisha asijibiwe kitu.

Shaylee alifanya alivyofundishwa. Alipiga simu ya chumbani, namba ya dharura, akasema mdogo wangu ana sukari, haamki.

"Daktari anakuja," wakamwambia. "Mama yuko hapo?"

"Hayupo."

"Usiogope. Tunampigia sasa hivi."

Simu ikakatika. Mara ikalia ileile, pembeni ya kichwa cha Corban. Shaylee akaikamata.

"Habari, naomba kuongea na Bi Merrin Pascoe."

"Ni mimi! Ni mimi niliyepiga! Mama hayuko hapa, yuko juu!"

"Kompyuta inasema analala chumba hicho."

"Halali humu!"

"Analala chumba namba ngapi, binti?"

Hakujua. Alichojua ni kwamba unatoka kwenye lifti na kuna picha ya kasa. Akawaambia hivyo. Haikumsaidia yule wa mapokezi, kwa sababu meli nzima imejaa picha za kasa.

Wazazi wakaitwa kwa vipaza sauti. Mlango wa roshani ulikuwa umefungwa, na upepo ulikuwa mwingi. Ni Troy aliyeinuka kwenda kunywa maji akalisikia jina lake koridoni, akarudi uso umemwisha rangi. "Merrin. Wanatuita sisi."

Merrin hakukimbia. Watu waliomwona walidhani ni mtulivu. Aliingia kwenye lifti, akasimama ukutani, akawapisha wenye vikapu vya taulo.

Corban alikuwa amekalishwa, anatapika ndani ya ndoo, muuguzi amemshika mgongo. Kasha jekundu lilikuwa wazi kitandani. Alikuwa hai. Rangi ilikuwa inarudi kutoka masikioni.

"Wewe ndiye mama?" muuguzi akauliza bila ukali. "Tumekutafuta humu humu. Karatasi yako imeandikwa vizuri kabisa: mtoto ana sukari, mama analala naye. Tukategemea upo."

"Silali humu," Merrin akasema.

"Anayelala humu ni nani?"

Aliyekuwa akilala humo ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni, anahema, kalamu nene ya bingo mkononi. Glenda alimwona mtoto, akaiona ndoo, akaketi sakafuni kama gunia lililoachiwa.

"Si amepona?" Troy akasema. "Tazama, amepona. Imekaa sawa."

"Funga mdomo wako," mama yake akamwambia. Kisha akamgeukia mkwewe. "Merrin. Nitukane. Nipige hata kofi, mwanangu, usinyamaze hivyo."

"Sina kitu, Mama," Merrin akasema. Wala hakuwa anamsamehe, wala hakuwa anamnyima msamaha. Alikuwa anamwambia kilichomo ndani, na ndani hakukuwa na kitu.

Troy alipanda mapokezi akaomba vile vyumba viwili vyenye mlango kati. Wakamwambia vina wenyewe, familia kutoka Bundaberg yenye mapacha, na meli imejaa. Basi Glenda akapelekwa juu kwenye roshani na mwanawe, kila mmoja akilia upande wake, na Merrin akahamia kabatini na watoto. Alilala kitanda cha chini na Corban, simu kifuani, mlio wa kupotelewa umewashwa tena ingawa mtoto alikuwa kwapani mwake.

Corban alikuwa amekula biskuti, akalala usingizi wa kweli. Shaylee alikaa kwenye ukingo wa kitanda hicho, miguu inaning'inia. Hakutaka kurudi juu kwenye sinema yake.

"Mama, ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Simu yako haikulia?"

"Haikulia."

"Kwa hiyo hukujua." Mtoto alisema hivyo kama anayemsogezea mtu kiti akae.

Merrin angeweza kukikalia. Baba mtu angemwambia akikalie, na Narelle, na kila familia.

"Niliona mstari umekatika," akasema. "Niliuona muda mrefu."

Shaylee alimtazama. Alipanda kitandani, akapenya katikati yao, akampa mama yake mgongo, akaweka mkono juu ya kifua cha mdogo wake na kuuacha pale, unapanda na kushuka naye. Merrin alilala nyuma ya mgongo ule mdogo, akingoja kuumia. Alingoja sana.