Sakafu ya Mnada wa Iliki

Aleyamma alishikilia magunia yake ya iliki misimu miwili, akingoja bei ipande. Siku hiyo aliyapeleka mnadani roho mkononi, maana habari zilishafika kwao Kerala, kusini mwa India: Guatemala wamevuna kupindukia, na wanunuzi wote wa Kiarabu wamekimbilia huko.

"Si nilikwambia uza, shemeji?" Kuriakose, mdogo wa mumewe, alimnong'oneza. "Ukajifanya mjuzi!"

"Hebu ninyamazie!"

Miaka yote wanunuzi walifungua vifuko vya sampuli, wakatafuna punje mbili tatu, kisha wakazimwaga zilizobaki sakafuni na kuzikanyaga. Aleyamma alikuwa akiwalaani kwa ufujaji ule.

Namba ya magunia yake ikatajwa. Vifuko vyake vikapita mkono kwa mkono, vikarudi vyote havijafunguliwa.

Aliinama akaitazama sakafu. Haikuwa na hata punje moja.