Nyekundu ya Modesta

Fundi Mwinjuma alikuwa amekaa juu ya gogo anakwangua kutu kwenye lori kwa kipande cha pipa. Kofia yake alikuwa ameitundika kwenye hendeli ya kuwashia injini. Kila akikwangua, magamba ya rangi ya zamani yalimwangukia miguuni na kuku wa Bwana walikuja kuyadonoa, wakayatema.

Lori lilikuwa limezeeka kabla halijafika Morogoro. Lililetwa na treni kutoka Kilosa, limefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, na Bwana wa shamba la mkonge alilinunua hivyohivyo kwa sababu lilikuwa rahisi. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam atakuja kulitazama shamba mvua zikiisha. Bwana akaona aibu. Alikuja pale bandani ameshika kopo moja la mafuta ya kuchanganyia, akaliweka chini mbele ya fundi.

"Ni hili tu," alisema Bwana. "Rangi tafuta hapahapa."

"Hapahapa kwa nani, Bwana?"

"Kwa watu."

Mwinjuma alilitazama kopo, kisha akalitazama lori, kichwani anapima ukubwa wa kazi. Alisema inawezekana. Yeye alijulikana mjini kwa kupaka milango ya maduka ya Wahindi, lakini kukamua rangi alifundishwa na baba yake kule Bagamoyo, na mikono ilikuwa haijasahau. Kitu chenye rangi unakiloweka kwenye maji ya majivu na chumvi, kikilainika unakikamua taratibu, rangi inadondokea kwenye chungu na kitu chenyewe kinabaki bila rangi. Si kazi ngumu. Inataka subira tu, na inataka mwenye kitu akubali. Mwenye kitu asipokubali, akida anaweza kukubali kwa niaba yake.

Basi akida Dadi akatuma watu barabara nzima ya Bigwa kutangaza kwamba kila nyumba ilete rangi.

Watu walipanga foleni nyumbani kwa akida tangu asubuhi. Walileta kaniki, walileta manjano, walileta shanga za buluu. Mwanamke mmoja alileta jogoo wa kahawia, akarudi naye mweupe, na jogoo akawa hawiki tena mbele ya watu. Mzee Salehe hakuwa na kitu chenye rangi isipokuwa ndevu zake alizozitia hina, kwa hiyo Mwinjuma alimkalisha kwenye kigoda akazikamua hizohizo. Mzee alipofika nyumbani na ndevu nyeupe kabisa, mkewe alitoka mlangoni akamwambia, "Shikamoo babu, unamtafuta nani?"

Watu waliicheka hiyo mpaka jioni.

Kijani kilijaa vyungu, maana milimani kijani hakikosekani. Nyeusi ilipatikana. Iliyokosekana ilikuwa nyekundu. Wenye vitu vyekundu walikuwa wamevificha, na Bwana alitaka nyekundu kwenye madigadi za mbele, watu walione lori kutoka mbali wapate kupisha. Tangu ajali ile alikuwa analisema sana jambo hilo la kupisha.

Ajali ilitokea kabla ya mvua, kwenye kona, mbele ya nyumba ya Paskalia. Mtoto wake, Modesta, alikuwa anarudi kutoka kuuza mboga sokoni, kikapu kitupu kichwani. Madigadi ya kushoto ndiyo iliyomgonga. Dereva Yakobo alishuka, akamfunika kwa gunia la mkonge, akasimama hapo amevua kofia mpaka watu wakaja. Padre alimzika. Mjomba wake Modesta, Kasiani, alishuka kutoka Matombo kwenda kwa akida, kwa sababu kwa Waluguru mtoto ana mjomba, na mjomba ndiye wa kuuliza. Aliuliza. Akajibiwa kwamba barabara ni ya gari, na mtoto ndiye aliyekuwa barabarani. Shauri likaisha siku hiyohiyo.

Matanga yalipokwisha, ndugu waligawana nguo za marehemu kama desturi. Nguo zenyewe zilikuwa chache. Paskalia aliomba khanga moja tu, nyekundu yenye madoa meupe, ile Modesta aliyokuwa anaivaa Jumapili. Tangu siku hiyo alikuwa anaiweka chini ya mkeka anaolalia.

"Hodi," alisema akida Dadi mlangoni. Nyuma yake alisimama askari mmoja na Mwinjuma na chungu chake.

"Karibuni. Shikamoo, akida."

"Marahaba, mama Modesta. Nyumba yako haijaleta."

"Nina kaniki hii."

"Nyeusi ipo."

"Nina ndizi mbichi, mkungu mzima, nimeukata leo."

"Kijani kinamwagika, mama. Wanakiogea. Tunatafuta nyekundu."

Paskalia alisema hana. Askari aliinua mkeka.

Mwinjuma aliikamua khanga palepale uani. Kwa kawaida rangi hutoka baridi, lakini hii ilitoka na uvuguvugu, kama maziwa yanavyotoka kwenye kiwele. Aliiona hali hiyo akaendelea kukamua. Alipomaliza alimrudishia Paskalia khanga nyeupe tupu, hata madoa hayaonekani, akamwambia, "Pole, dada." Paskalia aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akairudisha chini ya mkeka.

Lori likapakwa. Ubavu mmoja ulikuwa wa kijani na mwingine wa buluu, boneti ilikuwa na rangi ya hina ya Mzee Salehe, na mbele madigadi mbili nyekundu. Ile ya kushoto ilikuwa imebonyea tangu ajali. Mwinjuma alikuwa ameigonga kwa nyundo mara nyingi na kila asubuhi aliikuta imebonyea tena. Alipoipaka nyekundu ya Modesta, ikajinyoosha yenyewe. Mkubwa wa Dar es Salaam alikuja, akalizunguka lori, akamwambia Bwana kwamba anajua kubana matumizi. Akapanda treni akarudi.

Alasiri ya kesho yake Yakobo alikuwa anapeleka mkonge stesheni. Alilijaza lori maji kwenye kijito kama kawaida. Alipofika kwenye kona, mbele ya nyumba ya Paskalia, rejeta ikachemka, mvuke ukapaa, lori likasimama. Yakobo alizungusha hendeli mpaka bega likamuuma. Hakuwa amewahi kuitazama nyumba ile tangu ajali. Sasa ilimbidi.

Paskalia alitoka.

"Dada, samahani," alisema Yakobo. "Nimelijaza maji sasa hivi tu. Sijui linataka nini."

"Linataka maji," alisema Paskalia.

Modesta alikuwa na tabia. Akirudi sokoni alikuwa anasimama mlangoni na kikapu bado kichwani, anasema "Mama, maji," na anakunywa hivyohivyo bila kukitua. Paskalia alikuwa anamgombeza kila siku. Tua kwanza mzigo, mwanangu, utapaliwa. Hakuwahi kutua.

Paskalia aliingia ndani akachota maji mtungini kwa kata, akaja akayamimina kwenye rejeta polepole. Mvuke ukaisha. Alifuta vumbi kwenye madigadi ya kushoto kwa khanga ile nyeupe. Chuma kilikuwa na joto, lakini si joto la injini. Yakobo akagusa hendeli na lori likawaka.

Kesho yake likasimama tena, na keshokutwa. Yakobo alizoea. Alikuwa anakaa kwenye jiwe anamenya chungwa mpaka Paskalia amalize. Watu wa Bigwa nao walizoea. Waliokuwa na ndizi za kuuza walizileta pale saa ile, maana vibarua waliokaa juu ya mzigo walikuwa na njaa. Mtu akiulizwa lori limesimamia nini, alijibu kwamba linakunywa maji kwao.

Siku moja Yuliana, jirani, alikuwa anapita na kuni akasema, "Mama Modesta, mtoto wako amenenepa siku hizi."

"Anakula mkonge," alisema Paskalia.

Yuliana alicheka, na Paskalia akajikuta anacheka na yeye. Hakuwa amecheka tangu siku ya gunia. Usiku huo alipika ugali wa watu wawili, akala wake, na ule mwingine akaufunika.

Habari zilifika Matombo. Kasiani alishuka tena, safari hii amevaa shati la misa. Alikaa kwenye jiwe la Yakobo akaliona lori linasimama, akamwona dada yake anamimina maji na kupangusa madigadi. Alisubiri lori liondoke.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

"Milele amina. Umemwona?"

"Nimemwona. Naenda kwa akida."

"Usiende, kaka."

"Nitaachaje? Mtoto kaja mwenyewe. Shauri lifunguliwe."

"Mimi shauri silitaki. Mimi anakuja, inatosha."

"Kwako inatosha," alisema Kasiani. "Mimi ni mjomba wake."

Alikwenda. Alimweleza akida kwamba walisema mtoto ndiye mwenye makosa kwa sababu hakukuwa na wa kumsemea, na sasa lori lenyewe linasimama pale lilipomuulia, kila siku, mbele za watu wote wa Bigwa. Alitaka Bwana aje asimame kwenye ile kona, aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto aliuawa na gari lake. Alitaka hilo tu.

Akida alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kufikisha maneno, na haya nayo aliyafikisha kama alivyoyapokea. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa wala hakubisha. Aliuliza jambo moja, lori linasimama kwa muda gani.

Akida akasema, muda wa kumenya chungwa na kulila.

Hapo ndipo Bwana alipoelewa kwa nini mkonge wake ulikuwa unafika stesheni treni inapiga filimbi ya kuondoka. Alimwita Mwinjuma akamwambia aifute nyekundu ya kushoto.

Mwinjuma alipaka chokaa. Ilipofika alasiri nyekundu ilikuwa imetokeza juu ya chokaa na lori likasimama. Alipaka nyeusi, alipaka kijani, alipaka vyote viwili. Nyekundu ilitokeza. Bwana aliuliza kuna dawa gani. Mwinjuma alisema hajui. Aliulizwa tena, askari akiwa amesimama na kiboko, na aliendelea kusema hajui. Walimlaza chini. Katikati ya kuchapwa alisema kwamba rangi ya kitu hufunikwa na rangi ya kitu hichohicho.

Akida alipopiga hodi Paskalia alikuwa tayari ameishika khanga mkononi.

"Hii haina rangi," alisema. "Mlishachukua."

"Ina nyeupe, mama."

"Akida, una watoto?"

"Ninao."

"Wanakunywa maji?"

Akida Dadi alitazama chini. "Bwana anasema hili si shauri la mtoto," alisema. "Ni shauri la rangi." Kisha akakubali kwa niaba yake.

Mwinjuma alichuchumaa uani kwa shida, mgongo wake haujapona. Paskalia alikaa karibu naye, akamsogezea kigoda.

"Fundi, ukikamua nyeupe kinabaki nini?"

"Kinabaki kitambaa, dada."

"Nitakionaje?"

"Kwa mikono."

Nyeupe ilitoka kidogo sana, lakini madigadi ile ilikuwa ndogo na ilitosha. Mwinjuma alimrudishia kitambaa. Hakikuonekana, ila mikono yake ilikuwa imekunjika kama ya mtu aliyebeba kitu, na Paskalia alikipokea, akakipima uzito, akakuta ni kilekile. Alikianika kwenye kamba na kukiwekea jiwe kila upande kisipeperuke. Jioni Yuliana alipita uani kikampiga usoni. Akasema, "Samahani," akakizunguka.

Kasiani alilala siku ile kwa dada yake. Hakuna aliyemlaumu. Alfajiri alivua lile shati la misa, akalitia kwenye kikapu, akapanda mlima kurudi Matombo kifua wazi.

Lori sasa lina madigadi moja nyekundu na moja nyeupe. Linawahi treni. Yakobo akikaribia kona anakaza macho mbele, na lori linapita mbio kuliko zamani, kwa sababu Bwana amesema hakuna tena sababu ya kupunguza mwendo pale. Wanawake wa Bigwa wakilisikia linakuja wanawaita watoto wao ndani. Wengine wanawafunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Bwana anasema kazi ya rangi ilifanyika vizuri na kwa gharama ndogo.

Kila alasiri Paskalia anasimama mlangoni na kata imejaa mpaka ukingoni. Lori linakuja, linapita, vumbi linashuka. Akitazama kwenye kata, maji yamepungua kama funda moja.

Yanayobaki anayamwagia mgomba. Kisha anaingia ndani, anapapasa chini ya mkeka mpaka mkono wake uguse kitambaa.