Tano ya Fatna

Fatna binti Fadlalla hakutaka hata kusikia habari za lori la Jumamosi. Lilikuwa lori la jeshi, linakuja Kibra kuchukua askari wa zamani waliotaka kuandikishwa tena kwa miaka mitatu, na Hamdan mumewe alikwisha sema kwamba akikosa kazi mpaka Ijumaa, anapanda. Miaka minne ya vita vya Burma Fatna alikuwa amemngoja. Mtu akarudi mzima, alhamdulillahi, ila na ufundi wa redio ambao hapa Kibra haukutosha kulisha hata kuku. Sasa ni mwaka wa arobaini na tisa, na Fatna amechoka kungoja.

"Ukinipandia lori hilo, nitaota mvi kabla ya mama yangu," alimwambia, na hakuwa anatania.

Tumaini likabaki kwa Bwana Hollis. Mzungu huyu aliishi upande wa Kawangware, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kuzungumza na watu asiowajua. Alijijengea mtambo wa redio wa kurushia sauti, na kila jioni alikuwa akipiga soga na watu wa Durban na Bombay, kuwauliza kama mvua imenyesha. Haya, kila mtu na starehe yake. Lakini kibali chake kilimruhusu nguvu za wati hamsini, hata moja zaidi hapana, naye hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtambo unatoa ngapi. Mkaguzi angekuja Ijumaa saa tisa. Basi akamwambia Hamdan: nitengenezee mita ya kupima nguvu, na ikisema kweli utakuwa fundi katika karakana ya redio ninayofungua. Ikisema uongo, kwaheri.

Hamdan alikuwa na mita moja aliyoing'oa kwenye redio mbovu ya jeshi, kubwa kama kisahani cha chai, kioo mbele, mshale ndani. Iliundwa kupimia betri. Umeme wa betri huenda njia moja. Ule wa mtambo huenda na kurudi kwa kasi isiyohesabika, na ukiuleta kwenye mshale hivi hivi, mshale hautajua uende wapi. Kwa hiyo Hamdan akautengenezea kilango cha fuwele, kijiwe kidogo kinachouruhusu umeme kupita na kuukataza kurudi. Akaongeza kizuizi cha kuupunguza makali. Mshale ukapanda! Lakini ukipanda hapa ni wati ngapi? Pale ni ngapi? Akafanya hivi: aliwasha taa moja kwa nguvu za mtambo, kando yake akawasha nyingine ya aina ileile kwa umeme ambao hesabu yake aliijua. Taa zote mbili zilipong'aa sawasawa, alitia kitone cha penseli kwenye kadi iliyo nyuma ya mshale, pale uliposimama. Kumi, ishirini, mpaka hamsini. Kazi ya siku mbili nzima, na macho yakawa mekundu.

Alhamisi mchana akaja nyumbani na kadi ya mita mkononi. Homa ya Burma ilimwachia mikono ya kutetemeka, na wino hautaki mikono ya kutetemeka.

"Niandikie wewe," alisema.

Kwa mkono, Kibra nzima hakuna aliyemfikia Fatna. Babake, Mwalimu Fadlalla, alimfundisha kalamu katika chuo chake cha Kurani tangu akiwa na miaka sita, na zile sinia za ukili wa rangi ambazo Wanubi huziita tabaga, zake zilikuwa zinaagizwa mpaka Bombo, Uganda. Aliitazama kadi, akaguna.

"Vitone gani hivi? Vya mwanzo vimeachana, vya mwisho vimesongamana. Ngoja nivipange sawa."

"Usiguse!" Hamdan aliruka. "Binti Fadlalla, nakuomba. Ukivinyoosha umeniua. Ndivyo nguvu zinavyopanda."

"Sawa, sawa, usinile." Akaviacha vilivyo, ingawa vilimkera kama jiwe kwenye wali. Hamdan akamtajia tarakimu moja moja, naye akaziandika kwa wino mweusi, safi, za kupendeza. Hamdan akazitazama na kusema mashallah.

Ijumaa, baada tu ya sala, Fatna alikataa kubaki nyumbani. Alifunga gurusa kwenye kitambaa, ile mikate myembamba ya Kinubi, wakatembea pamoja mpaka kwa Bwana Hollis. Nderitu, mpishi, akamkalisha kwenye ngazi ya jikoni, akammiminia chai na kuanza kumsaidia kula gurusa bila kuombwa. Kupitia dirishani Fatna alisikia mtambo ukivuma, kisha sauti ya Bwana Hollis na kile Kiswahili chake kibovu.

"Hamdan! Hii kitu gani? Mimi nasukuma kidogo, yeye nasema moja. Mimi nasukuma mingi sana, yeye nasema sifuri!"

"Hiyo ni hamsini, Bwana."

"Hamsini? Mimi hapana kipofu! Hii sifuri! Mkaguzi nakuja sasa hivi!"

Hamdan, aliyelala kwenye matope ya Burma risasi zikipita juu yake, alibaki kuikodolea mita macho. Alitazama kadi na kila alipotazama aliona hamsini. Fatna aliliona lori, akaona miaka mitatu, akaona kitanda cha mtu mmoja. Kisha hasira ikampanda, na hasira ya Fatna haibishi hodi. Alipita jikoni, akapita sebuleni, huyo mbele ya mtambo.

"Sifuri iko wapi?"

Bwana Hollis, kwa mshangao, akaonyesha kwa kidole. Kule mwisho kabisa, mshale uliposimama, palikuwa na kiduara na kinukta: ٥٠.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alikuwa na manne, kwa miwani. Fatna alitaka kumfokea, mara akafahamu, akajishika kichwa. Aliandika za chuoni! Za Kiarabu, alizofundishwa na babake, na Hamdan aliyezisoma tangu utoto hakuona ajabu yoyote.

"Bwana, hiyo si sifuri. Hiyo ni tano," alisema. "Sifuri yetu ni nukta. Kitu kisicho na kitu, ukipe duara zima la nini?"

Bwana Hollis hakucheka bado. Alipunguza nguvu, akaigeuza mita imwelekee Fatna, yeye asiione, akawasha zile taa mbili mwenyewe na kuzilinganisha. "Mimi nasema thelathini. Wewe soma."

"Thelathini."

Akabadilisha. "Na hii?"

"Arobaini imepita kidogo. Arobaini na mbili hivi."

Alipiga hesabu kwenye karatasi, kalamu ikikwaruza kwaruza, Hamdan ameshikilia kiti utadhani kitakimbia. Bwana Hollis akainua kichwa. "Arobaini na mbili," alisema polepole, na hapo ndipo alipocheka, mpaka miwani ikamdondoka. Fatna akaomba wino. Saa tisa kasorobo kila tarakimu ya chuoni ilikuwa na mwenzake wa Kizungu chini yake, na mkaguzi alipofika alizisoma hizo, akaandika, akanywa chai na kwenda zake.

"Jumatatu, saa mbili," Bwana Hollis akamwambia Hamdan. "Hapana chelewa."

Njia nzima ya kurudi Hamdan alisema maneno kumi tu, na tisa yalikuwa "hiyo ni tano". Fatna alimpiga kwa kitambaa cha gurusa, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Walipokuwa wanafungua mlango, jirani yao Saadia akaita kutoka ng'ambo ya ua:

"Fatna! Mumeo yupo?"

Hamdan alikuwa amesimama papo hapo, bega kwa bega naye, na Saadia angeinua shingo kidogo tu angemwona. Fatna alijaza pumzi, akapaza sauti isikike mpaka Kambi Muru.

"Yupo!"