Chemchemi ya Spika

Kung'oa jino la mtoto sikuzoei, ingawa ndiyo kazi yangu. Zamani asubuhi kliniki ilijaa mashavu yaliyovimba, mama wakilia kuliko watoto. Tangu mamlaka ya maji ianze kutia floraidi kidogo, madini ya kukinga meno yasioze, kwenye maji ya bomba, koleo langu linalala tu. Halafu eti wakatokea watu wanataka ikomeshwe! Na kinara wao nani? Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Spika kwa ule mdomo wake.

Mkutano wa kupiga kura ulifanyika shuleni. Nilieleza mpaka koo likakauka. Spika akasimama, akamvuta binti yake mbele.

"Huyu hajaonja hiyo dawa yao. Namnunulia maji ya chemchemi tangu aanze kuota meno. Haya shemeji, si wewe daktari? Mkague!"

Watu wakashangilia. Mtoto akapanua kinywa: "Aaa, mama mkubwa." Nikamulika kwa tochi ya simu. Nikisema kweli nimekwisha, lakini uongo siuwezi.

"Hana hata jino moja bovu," nikasema.

Makofi hayo! Spika akaniinamia kama bwana harusi.

"Maji anakuletea nani, shemeji?" nikamuuliza.

"Yule pale!"

Nikageuka. Makubwa! Muuza maji mwenye mkokoteni wa bluu, ambaye kila siku nikifungua dirisha la kliniki namwona anajaza madumu kwenye bomba la kona. Aliponiona, akajifanya kufunga kamba za viatu, na miguuni ana kandambili.

"Kaka," nikamwita, "chemchemi yako iko wapi?"

"Daktari, nisamehe. Ni bomba la pale kwako. Chemchemi mbali, mkokoteni mzito."

Lo! Watu walicheka mpaka viti vikapinduka. Njia ya mwongo fupi, ila huyu bwana alikuwa ametukingia mtoto meno bila kujua.

Kura ikapigwa. Mikono ikanyooka ukumbi mzima, floraidi ikabaki, nami nikapiga kigelegele bila aibu, udaktari baadaye. Wa mwisho kunyoosha alikuwa Spika.

Mlangoni akaninong'oneza, ameshika shavu: "Shemeji, lile gego langu la zamani linanisumbua."

"Njoo kesho," nikamwambia. "Koleo limelala sana, lakini kazi halijasahau."