Kiti cha Mgeni Ukumbini mwa Zimamoto

Alasiri ya mlo wa Noeli wa chama, gari la zimamoto lilisukumwa nje kwenye theluji ili meza zipate nafasi ukumbini. Nyasi kavu zilitandazwa chini ya kitambaa cheupe, supu ya bitiruti ikaletwa kwenye sufuria la wazimamoto, na kila mtu, kabla ya kuketi, alipuliza kiti chake na kusema samahani. Katika mji ule ulio karibu na mto Bug hakuna anayeketi siku hiyo bila kupuliza, maana huenda roho ya mtu imetangulia, na kumkalia marehemu ni utovu wa adabu. Kiti kimoja tu hakikupulizwa. Kilikuwa cha mgeni asiyetarajiwa, ambacho huwekewa sahani, kijiko na gilasi kila mwaka, na kila mwaka hubaki kitupu.

Ireneusz Kulesza, katibu wa tawi, aliketi akikielekea kiti hicho. Alikuwa mwalimu wa historia mwenye masharubu ya mvi, na tangu mwezi wa tatu alikuwa mgane, ingawa neno hilo hakuna aliyelitumia, hata yeye mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa aliishi nyumba moja na Wacław Sobol, mbandika mabango wa chama, ambaye jikoni aliitwa Wacek. Mjini walijulikana kuwa ni makapera wawili wanaochangia makaa ya mawe. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa na adabu. Wacek alipokata roho juu ya ngazi, brashi mkononi na bango likiwa limebandikwa nusu, Ireneusz alisimama safu ya tatu kanisani, nyuma ya mabinamu ambao hawakuwa wamepiga hodi miaka nenda miaka rudi. Utepe wa shada lake la maua ulisema: Kutoka kwa wenzako wa tawi. Aliuandika kwa mkono wake, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Isidhaniwe kwamba wawili hao walikuwa chamani kwa hila. Walikipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyozaliwa, hata ikivuja. Walipenda bendera, kengele za Jumapili na kuimba wakiwa wima. Hawakuwapenda wale wa Warszawa wanaopita barabarani na ngoma na vitambaa vya rangi za upinde wa mvua; Wacek alisema wana kelele, na wakimaliza hawafagii. Hotuba za mwenyekiti, Bi Danuta Marczak, ziliandikwa kwenye meza yao ya jikoni. Ile sentensi iliyopigiwa makofi kuliko zote, kwamba familia ni mume, mke na watoto wao na hakuna nyingine, Ireneusz aliitunga akimenya viazi, na Wacek ndiye aliyeshauri ifupishwe. Kisha walikula viazi.

Wacek alikuwa akitaka jambo moja tu. Kwenye mlo wa Noeli humegwa mkate mweupe, mwembamba mfano wa hostia, na kila mtu humwendea kwanza wa nyumbani kwake, akamega kipande cha mkate wake na kumtakia heri, ndipo azungukie wengine. Yeye na Ireneusz walikuwa wakifikiana mwisho kabisa, wakipeana mkono na kutakiana afya na ushindi. Wacek alitaka afuatwe kwanza, mara moja tu, mbele za watu. "Baada ya uchaguzi," Ireneusz alimjibu kila mwaka. Nchi ile ina uchaguzi wa madiwani, wa wabunge, wa rais na wa Ulaya, na mwaka mtupu haukupatikana.

Giza lilipoanza kuingia, mlango ulifunguka na Wacek akaingia. Alivaa suti aliyozikwa nayo, na gundi ya unga ilikuwa imemkaukia kwenye mkono wa koti. Alikung'uta theluji, akatundika kofia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mgeni.

"Umekonda, Bwana Wacław," alisema Bwana Romuald, mweka hazina, akimsogezea samaki wa chumvi.

"Kule hawajui kupika."

"Na siasa je?"

"Wote wameshapiga kura. Kumetulia."

Watu walicheka na kupisha sahani. Bi Danuta alimmiminia supu yeye mwenyewe. Miaka yote alikuwa akihutubia kwamba katika nyumba yetu pana nafasi ya mgeni daima, na leo alikuwa na wa kumwonyesha. Ireneusz alimtamani mtu yule. Alitaka kulowesha kidole gumba kwa mate amfute gundi kwenye mkono wa koti, kama alivyozoea kumfanyia kila jioni mlangoni. Badala yake alichukua chumvi akaitia kwenye supu ambayo tayari ilikuwa na chumvi.

Padri Cezary alisimama na kugawa mikate. "Haya, kila mtu na wa kwake kwanza," alisema. "Na Bwana Wacław asisahauliwe. Marehemu akija kwenye mlo huu, haondoki mpaka mtu wake ammegee. Bibi yangu alimsindikiza babu hivyohivyo."

"Nani wa Bwana Wacław hapa?" aliuliza Bi Danuta, kwa wema kabisa.

Watu waliangalia supu zao, si kwa chuki, bali kwa kumsitiri mwenzao. Ireneusz aliinuka. Alizunguka meza, mkate mkononi, akasimama mbele ya kiti cha mgeni.

"Mimi," alisema.

Lilikuwa neno dogo, ila lilisikika. Bi Danuta alimtazama katibu wake, mtu mwema, mwandishi hodari, akaona shimo analoliendea. Akamwahi.

"Naam, Katibu wetu," alisema. "Kwa niaba ya tawi."

Alikuwa amefunguliwa mlango, na Ireneusz alikuwa amezoea kupita mlango huo.

"Kwa niaba ya tawi," alisema.

Wacek akamega. "Afya, Bwana Katibu," alisema. "Na ushindi."

Kisha aliketi tena na kumalizia samaki. Mlo ulikwisha, watu wakavaa makoti, naye hakuondoka, kwa kuwa tawi si mtu, na marehemu hasindikizwi na tawi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bwana Romuald alimpa ndoo ya gundi, na Wacek akawa anakoroga unga na kukunja mabango palepale kitini, asiweze kuinuka kwenda mbali. Wazimamoto walipiga deki wakimzunguka. Kengele ya moto ikilia, aliwapokeza kofia zao. Wageni kutoka makao makuu walipouliza yule bwana aliyepauka ni nani, waliambiwa ni binamu wa tawi, wakampa mkono.

Kila alasiri baada ya shule Ireneusz alikuja na chupa ya chai na sambusa za kuchemsha za kabichi. Aliketi kando yake, karibu na mipira ya maji iliyokunjwa, wakasoma gazeti na kuwasengenya wapinzani. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu furaha hiyo. Usiku nyumbani makaa yaliwaka bure, lakini kesho yake alikuwa na pa kwenda.

"Kiti kigumu, Irek," Wacek alimwambia Ireneusz siku moja, kwa jina la jikoni, theluji ikianza kuyeyuka. "Nimechoka. Sema neno moja nikalale."

"Baada ya uchaguzi."

Wacek alicheka, na Ireneusz naye akacheka. Kisha Wacek aliacha kucheka.

"Hata nimeshakufa?"

"Si unajua Bi Danuta anagombea ubunge. Wapinzani wakipata la kusema, watasema."

"Si Bi Danuta, ni wewe. Hutaki niende."

Ireneusz akamfungulia chupa ya chai. Ndivyo ilivyokuwa. Akimwita wake, angempoteza. Akimkana, angemkuta kesho. Maisha yake yote alimkana ili wasitenganishwe, na sasa kumkana kulikuwa kukifanya kazi kuliko wakati mwingine wowote.

Uchaguzi wa vuli ulifanyika ukumbini humo, Wacek akiwa amekaa nyuma ya sanduku la kura. Bi Danuta alishinda. Kwenye hotuba ya shukrani alitamka ile sentensi ya familia, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Wacek naye alipiga makofi, kwani ndiye aliyeifupisha. Ila mikono yake haikutoa sauti tena. Ireneusz aliliona hilo. Alikwenda nyumbani akasimama mbele ya sinki, akajizoeza kutamka neno "wangu" mpaka likaacha kumkwama.

Noeli ikarudi. Gari lilisukumwa nje, nyasi zikatandazwa, na kiti kingine kitupu kikawekwa, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa na mtu. Padri Cezary alikuwa hajamaliza kugawa mikate Ireneusz aliposimama mbele ya Wacek.

"Wacek," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Jina hilo la jikoni halikuwahi kutamkwa ukumbini. Lilibaki neno moja tu. Wacek alimtazama, uso ulikuwa umefifia, na kupitia kwake zilionekana kofia za wazimamoto zikiwa zimetundikwa ukutani. Aliinua mkate wake, akangoja.

"Kwa niaba ya tawi," alisema Bi Danuta kwa upole, beji ya ubunge kifuani. "Na mwaka huu, kwa niaba ya bunge pia."

Bwana Romuald alianza makofi, wengine wakaitikia. Hakuna aliyemzuia Ireneusz. Neno lilikuwa mdomoni, laini, tayari. Aliitazama ile gundi kwenye mkono wa koti. Aliiwaza alasiri ya kesho, chupa ya chai imejaa, na kiti hiki kikiwa kitupu.

"Kwa niaba ya tawi," alisema.

Wacek akamega. Hakukasirika. "Mwakani kuna uchaguzi wa Ulaya," alisema.

"Upo," alisema Ireneusz.

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akainama, akamfuta gundi kwenye mkono wa koti, polepole, mpaka ikatoka. Watu wote waliangalia supu zao. Kisha alirudi mahali pake, akapuliza kiti, akasema samahani, akaketi.